Padri, Nyota na Hesabu ya Majina

Juzi baada ya sala ya Isha, tukiwa barazani tunangoja muuza kahawa apite, kijana mmoja wa mtaa wetu alinionyesha tarakimu katika simu yake. Ilikuwa 54, haina neno mbele wala nyuma.

"Ami," akaniambia, "huyu ndiye mtu."

Nikamwuliza mtu gani, na amefanya nini. Akanijibu kuwa ni bingwa wa falaki katika chuo kikuu kimoja cha Marekani, anachunguza asili ya ulimwengu na umbo lake, na hiyo 54 ndiyo daraja yake miongoni mwa wenziwe. Nikauliza tena, "Basi amegundua nini?" Kijana akakwama. Hakuwa amesoma hata makala moja ya bwana yule. Alichokijua ni tarakimu.

Huenda wako wasomaji ambao, kama mimi usiku ule, hawajapata kukisikia kipimo hiki. Kilibuniwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, nacho kinakwenda hivi: mtu akiwa na makala 54, na kila moja katika hizo imetajwa na wanavyuoni wengine mara 54 au zaidi, basi daraja yake ni 54. Akiwa na makala 300 lakini tatu tu ndizo zilizotajwa, basi daraja yake haiwezi kuzidi 3. Kwa tarakimu kama hizo siku hizi watu huajiriwa, hupandishwa vyeo, na hupewa fedha za utafiti. Sisemi kipimo hakina faida. Mwenye nafasi moja ya kazi na maombi 200 mezani atashika chochote kitakachomsaidia kupunguza.

Lililoniuma ni la pili. Kijana huyu anasoma fizikia, na kichwa chake, Mwenyezi Mungu amhifadhi, ni chepesi. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikimwomba aandike kwa Kiswahili, kwa ajili ya watu wa kwao, habari za nyota na ulimwengu kama zilivyo leo. Watu wetu walisafiri kwa nyota na kulima kwa Kilimia, na hata sasa kila mwandamo wa mwezi huwatoa watu hadi ufuoni kutazama juu. Akanijibu kwa adabu, maana amelelewa, "Ami, hiyo haihesabiwi."

Kwa ajili ya neno hilo moja nataka nisimulie habari za padri wa Kibelgiji.

Jina lake ni Georges Lemaître, alizaliwa mwaka 1894 katika mji wa Charleroi. Vita Vikuu vya Kwanza vilimkuta mwanafunzi, akapigana katika kikosi cha mizinga mpaka vikesha, kisha akarudia hesabu zake na kwa upande wa pili akaingia seminari. Mwaka 1923 alipata upadri, na mwaka ule ule akaenda Cambridge, Uingereza, kusoma kwa Arthur Eddington, aliyekuwa mkubwa wa elimu ya nyota katika zama zile. Kutoka huko akavuka kwenda Marekani, akakaa Harvard na kuandikishwa Massachusetts kwa shahada ya udaktari, na mwaka 1925 akarudi kwao kufundisha katika Chuo Kikuu cha Louvain.

Siku hizo jambo kubwa lilikuwa limeanza kuonekana katika darubini za Marekani. Kuna kiwingu cha nuru katika kundi la nyota liitwalo Andromeda. Kiwingu hicho si kigeni kwetu Waislamu, kwani Abdurrahman as-Sufi wa Isfahan alikieleza katika kitabu chake cha nyota mnamo mwaka 964, bila darubini, kwa jicho tu alilopewa na Mola wake. Kilikuwa ni nini? As-Sufi hakuwa na njia ya kujua. Mwaka 1923 Edwin Hubble, akitazama kwa darubini kubwa ya Mount Wilson, California, alikuta humo nyota ya aina ambayo kwayo umbali unaweza kupimwa, ikathibitika kuwa kiwingu kile si kiwingu bali ni mji mzima wa nyota, uko mbali kabisa nje ya mji wetu huu ambao ukanda wake tunauona usiku angani. Miji hiyo wenyewe huiita galaksi. Waarabu huiita majarra.

Kabla ya hapo, tangu mwaka 1912, mtu mwingine kwa jina Vesto Slipher, katika kituo cha Lowell huko Arizona, alikuwa akiichambua nuru ya viwingu hivyo kimoja kimoja. Nuru ya kitu kinachokuhama huvutika ikaelekea upande wa wekundu, kama vile honi ya gari la moshi inavyoshuka sauti likishakupita. Slipher akakuta vingi vya viwingu vyake vinatukimbia, tena kwa kasi ya ajabu. Kwa nini vitukimbie? Hakuna aliyekuwa na jawabu la kutuliza moyo.

Lemaître alilipata kwa kalamu. Mwaka 1927 aliandika makala kwa Kifaransa, akaitoa katika jarida la Jumuiya ya Sayansi ya Brussels. Alisema galaksi hazikimbii kama watu wakimbiavyo. Ni ulimwengu wenyewe unaotanuka. Mama akiumua mkate wa sinia uliotiwa zabibu, kila zabibu huiona nyingine inaihama, na iliyo mbali huhama kwa haraka zaidi, na hapana hata zabibu moja iliyojongea ndani ya unga. Hakuishia kwenye mfano. Alizichukua kasi za galaksi 42, akachukua na masafa yao, akapiga hesabu, akapata kuwa ulimwengu unatanuka kwa kilomita 625 kwa sekunde katika kila megaparseki, yaani kila umbali ambao nuru husafiri kwa miaka 3,260,000 hivi.

Na ulimwengu wa wanavyuoni ukafanya nini? Ukanyamaza.

Alisikia neno kutoka kwa mtu mmoja tu mkubwa, na laiti asingalilisikia. Oktoba ya mwaka ule ule, Einstein alikuja Brussels kuhudhuria mkutano wa wanafizikia, na wawili hao wakatembea pamoja bustanini. Kwa alivyokuja kusimulia Lemaître mwenyewe, Einstein alimwambia hesabu zake hazina kosa, ila maana ya kifizikia aliyoitoa humo ni chukizo. Akamwarifu pia kuwa kuna Mrusi, Alexander Friedmann wa Petrograd, aliyezifikia hesabu kama hizo mwaka 1922. Friedmann alikuwa amekwisha kufa mwaka 1925 kwa homa ya matumbo, ana miaka 37, na wala hakupata kuziona hesabu zake zikifungamanishwa na nyota.

Miaka miwili ikapita. Mwaka 1929 Hubble akatoa makala fupi kwa Kiingereza katika jarida la chuo cha taifa cha sayansi cha Marekani, akionyesha kuwa kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo kasi yake inavyozidi, akapata karibu kilomita 500 pale Lemaître alipopata 625. Kasi nyingi alizozitumia zilikuwa jasho la Slipher, lakini hakumpa haki yake. Alikuja kukiri deni hilo katika barua yake kwa Slipher mwaka 1953, mwaka wenyewe aliofariki. Kanuni ile dunia nzima ikaiita kanuni ya Hubble.

Sasa nikuulize, msomaji wangu. Karani wa tarakimu angalifika Louvain mwaka 1929, akaomba daftari ya waliomtaja Padri Lemaître kwa makala yake ya 1927, angaliandika nini? Karibu na sifuri. Na ndani ya makala ile mlikuwa na habari kuwa ulimwengu unatanuka.

Nilipofika hapo kijana wangu alicheka, akaniambia, "Ami, si umeona? Angeandika Kiingereza wangemsoma." Nikakubali kuwa hoja yake ina uzito, na ninaikubali hapa mbele ya wasomaji. Kilichomwokoa Lemaître kilikuwa ni Kiingereza. Mapema mwaka 1930 aliona katika ripoti ya mkutano wa London kuwa mwalimu wake Eddington bado anahangaika na tatizo lile lile, naye akamwandikia kumkumbusha kuwa jawabu alikwisha kumpelekea. Mwanafunzi mmoja wa Eddington alisimulia baadaye jinsi mzee alivyotahayari. Alikuwa amepelekewa makala, akaisahau. Lakini Eddington alikuwa muungwana. Aliitangaza kazi ile kwa kalamu yake, na Machi 1931 tafsiri yake ikatoka London katika jarida la Jumuiya ya Kifalme ya Elimu ya Nyota. Tangu siku hiyo Lemaître akawa mtu wa kutajwa.

Lakini katika tafsiri ile kuna jambo. Kifungu kile chenye hesabu ya kasi ya kutanuka, kile chenye 625, hakimo.

Kwa miaka mingi watu walinong'ona. Wengine walisema mhariri wa London alikikata. Wengine walimtuhumu Hubble kuwa ndiye aliyefanya njama jina lake lisiwe na mshirika. Mwaka 2011 mtafiti Mario Livio alifungua nyaraka za jumuiya ile ya London, akakuta barua ya Lemaître mwenyewe ya tarehe 9 Machi 1931. Tafsiri aliifanya yeye. Kifungu alikiondoa yeye. Aliona hesabu ile ya mwaka 1927 imepitwa na wakati, kwa kuwa vipimo vipya vya Hubble vilikuwa bora, na haina haja ya kuchapishwa tena.

Hapa mimi natofautiana na wanaoisifu barua hiyo kwa unyenyekevu wake. Malenga wetu walipomaliza utenzi walikuwa wakitia ubeti wa jina lao, na mara nyingine wakataja na mwaka. Hawakufanya hivyo kwa kiburi. Walifanya ili atakayekuja ajue kauli hii imetoka kwa nani. Padri aliung'oa ubeti wa jina lake kwa mkono wake, na kwa hisani hiyo watu wasio na hatia walidhaniwa ubaya kwa miaka na miaka.

Na kifungu kilichopotea kilijulikanaje kuwa kimepotea? Kwa sababu asili ilikuwako. Ilikuwako Brussels, kwa Kifaransa, katika jarida lisilohesabiwa. Angalikuwa ameandika kwa Kiingereza peke yake, tena mwaka 1931, hakuna ambaye leo angalijua kuwa aliitangulia hesabu ya Hubble kwa miaka miwili. Kijana wangu alinyamaza hapo, akaitazama simu yake iliyozima.

Sisi tuliopitia vyuoni kwa ubao na kalamu ya mwanzi tulifundishwa kuuliza swali jingine. Hatukuambiwa tuulize hadithi hii imetajwa na wangapi. Tuliambiwa tuulize imetoka kwa nani, aliyeisikia kwa nani, na mtu huyo alikuwa mkweli na mwenye kuhifadhi, au sivyo. Ndiyo isnadi. Hadithi ya nia, ambayo Imam Bukhari amefungulia kitabu chake, katika daraja zake za mwanzo imekuja kwa mtu mmoja mmoja: Sayyidna Umar, kutoka kwake Alqama, kutoka kwake Muhammad bin Ibrahim at-Taymi, kutoka kwake Yahya bin Said. Baada ya Yahya ndipo ilipoenea kwa watu chungu nzima. Mwenye kuhesabu vichwa angaliipita. Maimamu hawakuipita, kwa kuwa walimpima kila mmoja katika wanne wale.

Silinganishi maneno ya Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, na makala za falaki, Mungu apishe mbali. Nalinganisha njia ya kupima. Kazi ya Lemaître kwa miaka mitatu ilikuwa na wapokezi wachache mno, na mmoja wao akaisahau. Na wanaotaja makala katika makala zao leo, wangapi wameisoma asili, na wangapi wamenakili jina kutoka kwa aliyenakili? Kutaja kungekuwa isnadi kama kungefanywa kwa uaminifu wa isnadi. Slipher angelikuwamo. Friedmann angelikuwamo.

Lipo jambo la pili kwa padri huyu, na linatuhusu sisi zaidi ya Wabelgiji. Mei 1931 alichapisha barua fupi katika jarida la Nature, akisema kama ulimwengu unatanuka, basi ukirudishwa nyuma hujikusanya, mpaka ufike kwenye mwanzo mmoja. Kutokana na fikira hiyo kukaja nadharia ambayo mpinzani wake mkubwa, Fred Hoyle, aliipa jina la Mlipuko Mkuu katika redio ya Uingereza mwaka 1949, na jina likaganda. Novemba 1951 Papa Pius wa Kumi na Mbili akahutubia chuo chake cha sayansi, akaieleza elimu hii mpya kana kwamba imekuja kuishuhudia habari ya uumbaji.

Fikirini. Padri wa kawaida, na mkuu wa kanisa lake anaitia muhuri kazi yake mbele ya dunia. Kuna sifa gani zaidi ya hiyo? Lemaître hakupendezwa. Alikwenda Roma, akazungumza na mshauri wa Papa katika mambo ya nyota, na Septemba 1952 Papa alipowahutubia wanafalaki wa dunia hakulirudia lile neno. Alichokiona padri ni kuwa nadharia ya wanadamu leo iko na kesho huenda isiweko. Ukiitundika imani kwenye msumari huo, siku utakapong'oka itaanguka nini?

Kwetu sijasikia mtu aliyesema hivyo kwa sauti. Nasikia mawaidha, tena ya watu ninaowaheshimu, yakisema ulimwengu kutanuka kumo katika aya ya 47 ya Suratudh Dhariyat na kwamba makafiri wamechelewa tu. Wafasiri wa kale waliifahamu aya ile kwa maana ya uwezo na wasaa, na imani yao haikupungua kwa kutomjua Hubble. Kama tulijua, mbona tuliwangoja wao wapime? Na vipimo vyenyewe vimebadilika kama nini! Kile 625 cha Lemaître na 500 ya Hubble vyote vilikosea sana, kwa kuwa masafa ya galaksi yalikuwa yamepimwa pungufu. Leo wanasema ni kati ya 67 na 73, na wanaopima kwa njia moja hawapatani na wanaopima kwa nyingine. Kitabu cha Mola wetu hakihitaji kungojea mabishano hayo yaishe.

Lemaître alishikilia pia jambo jingine lililomwacha peke yake. Einstein alikuwa ametia katika hesabu zake nguvu fulani ya kusukuma, kisha akaitupa ulimwengu ulipoonekana unatanuka. Padri alikataa kuitupa. Alizeeka nayo. Mwaka 1998 makundi mawili ya wanafalaki, waliokuwa wakichunguza nyota zinazolipuka mbali sana, yalikuta kuwa kutanuka kwa ulimwengu kunazidi kasi, kama vile nguvu ile iko. Viongozi wao watatu walipewa zawadi ya Nobel mwaka 2011. Lemaître alikuwa kaburini miaka 45. Alikufa Juni 1966, na muda mfupi kabla, akiwa mgonjwa, msaidizi wake alimpelekea habari kuwa Wamarekani wawili, Penzias na Wilson, wamenasa kwa mtambo wao mabaki ya joto la mwanzo wa ulimwengu. Walichapisha makala ya ukurasa mmoja hivi.

Mwaka 2018 wanafalaki wa dunia walipiga kura, na asilimia 78 wakakubali kanuni ya Hubble iitwe kanuni ya Hubble na Lemaître. Kura nzuri. Ila nasikitika kwamba jina la Slipher halikuwekwa, na naona mwenye kuitafuta haki kwa kura atapata ile sehemu tu iliyopata wapiga kura.

Hapa Mombasa tulikuwa na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu. Alikuwa mwanachuoni mwenye Kiarabu cha kumtosha, na mwaka 1932 alitoa gazeti la Al-Islah hapa mjini, na sehemu yake ni kwa Kiswahili, ili mwenye duka na nahodha wafahamu. Hilo nalo lilihesabiwa na nani?

Sikumkataza kijana kuandika Kiingereza. Aandike, tena aandike vizuri, apate kazi na mkate wake. Nilimwambia tu kuwa asili aiache na huku.

Wiki iliyopita alinijia na kurasa mbili za mkono. Sentensi ya kwanza ilikuwa ndefu mno na ya pili haikuwa na kitenzi, nikamnyooshea. Kisha tukagombana. Yeye kaandika "galaksi" kila mahali, nami nataka "majarra", neno lililokuwako as-Sufi alipokuwa hai. Ananiambia majarra hakuna mtoto wa shule atakayelifahamu. Muuza kahawa, aliyekuwa amesimama akitusikiliza na buli lake mkononi, akauliza kwani kuna ubaya gani tukisema "miji ya nyota". Mpaka naandika haya hatujapatana.